Programu Isiyotaja Majina

Scolastica, fundi kompyuta wa zahanati moja ya Katesh, ameolewa katika kijiji cha Dirma, na kwa watu wa mumewe mke hatamki jina la baba mkwe. Jumatatu hiyo seva ilikuwa nzito na wagonjwa walisubiri kadi tangu asubuhi. Mganga mfawidhi, Bwana Yohanes, alimwambia aonyeshe chanzo kabla ya saa sita, la sivyo angetafuta fundi mwingine.

Alikuwa na programu mbili za kuangalia mzigo wa seva, zote za skrini nyeusi ya maandishi. Alipofungua htop, inayoonyesha kila kazi na jina la mwenye nayo, juu kabisa alikuta jina la baba mkwe wake, mtunza stoo wa zahanati, aliyekuwa akipakua filamu. Nyingine, vmstat, huonyesha jumla ya mzigo tu.

"Chagua yenye majina, dada," alinong'ona Eva wa mapokezi. "Wewe nyamaza, wasome wenyewe."

"Nyumbani watasema nimemtaja kwa mkono."

Akafungua vmstat. Wakati huo mzee, baba mkwe wake, akaingia na funguo za stoo, na Bwana Yohanes nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hizi namba ni kazi ya nani?" aliuliza Bwana Yohanes akitazama skrini.

Scolastica alinyamaza. Mzee naye alijua, akanyamaza. Heshima inayomlinda mkosaji na kumziba mdomo asiye na kosa ni dhambi, na dhambi hiyo ni ya mzee.

"Fundi hajui," alisema Bwana Yohanes. "Kesho usije."

Mzee akarudi stoo.