Masale Matatu na PF3 Moja

Mdogo wangu wa kike alikuwa akipigwa na mumewe kwa misimu, kama mvua za kwetu Rombo. Mara tatu nilimsindikiza kituoni kuomba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na mara tatu tulirudi mikono mitupu. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo kwanza, ndipo akauliza swali lake moja.

“Bwana kaleta isale?”

Kaleta. Kwetu Uchaggani, mkosaji akikuletea jani la isale lililopigwa fundo, kukataa kumsamehe ni aibu kubwa. Shemeji alilijua hilo vizuri. Masale yalijaa mpakani mwa shamba lake, hakuwahi kupungukiwa.

“Basi yamekwisha, mama,” askari alisema, akafunga daftari ambamo hakuwa ameandika kitu. Mara ya tatu mdogo wangu alikuwa amepoteza jino. Yalikwisha vilevile.

Ijumaa moja shemeji alimkuta jikoni anakoroga mtori. Alipoinua mkono, mdogo wangu akamwahi na mwiko. Shemeji alishonwa nyuzi tatu juu ya jicho. PF3 aliipata kabla damu haijakauka, na kabla ya saa kumi mdogo wangu alikuwa mahabusu kwa kosa la kujeruhi.

Mimi si mtu wa mila sana, lakini kesho yake nilikata isale, nikalipiga fundo, nikampelekea shemeji. Alilipokea, kwa sababu majirani walikuwa wanatazama. Nikaenda kituoni nikiwa na matumaini ya kijinga.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Isale limepokelewa. Yamekwisha.”

Kijana alinionea huruma kabisa. “Hiyo ni mila, mama. Hii ni jinai.”

Nilikasirika. Nikamtukana kwa Kichagga, matusi ya bibi yangu, moja baada ya jingine. Hakuelewa. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, na Kichagga alichokijua kilikuwa isale tu.

Jumatatu mdogo wangu alipata dhamana. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza, lakini alitoka uso umetulia, hata macho hayakuwa mekundu. Nikamuuliza alilalaje siku zote hizo kwenye sakafu ya saruji.

“Nimelala vizuri, dada,” alisema. “Mlango ulikuwa umefungwa, na yeye alikuwa nje.”