Picha Mbili za Miguu Yetu

Nililala ndani ya mashine ya MRI nikikanyaga pedeli kwa mguu mmoja, machozi yananiingia masikioni.

Sauti kwenye spika: "Endelea mama, kanyaga."

Nilikuwa na kilo mia na ishirini na moja.

Kazi yangu ni usafi, jengo la ghorofa tano. Mwaka ule miguu iligoma. Nikifika ghorofa ya pili tu inawaka moto, nakaa kwenye ngazi na ndoo yangu.

Msimamizi akanichana: "Nakupa mwezi. Uvivu kaufanyie kwako."

Nikaacha kula. Chai kavu asubuhi, maji jioni. Siku ya tisa nikaanguka na ndoo, kichwa puu!

Pacha wangu, kiuno cha nyigu, akaja kuniona. Pole hana.

"Unakula kwa siri wewe. Mbona tumetoka tumbo moja?"

Hospitalini walikuwa wanatafuta watu wa utafiti, wanene na wembamba, waone unene unavyoathiri misuli. Nikajiandikisha. Mfa maji haachi kutapatapa. Pacha naye akajiandikisha, upande wa wembamba.

"Leo uvivu wako unapigwa picha," akacheka.

Wiki mbili baadaye daktari akatuita. Kwenye kompyuta, picha mbili. Moja msuli una michirizi myeupe kidogo. Nyingine imejaa nyeupe tupu.

"Hayo meupe ni mafuta, yamepenya ndani ya msuli," akasema. "Msuli wa hivi ukichoka, nguvu inachelewa kurudi. Huo si uvivu."

Si uvivu! Nikalia kama mtoto.

Nikaonyesha ile iliyojaa. "Yangu ndiyo hii, sivyo?"

Daktari akamgeukia pacha wangu.

"Hapana. Hiyo ni ya huyu."

Pacha akasogelea kompyuta.

"Lakini mimi mwembamba!"

"Kwa nje, dada. Twende tukapime sukari."

Sukari ilikuwa juu. Juu sana.

Kazini walinifukuza hivyo hivyo. Barua ya daktari, ya kueleza kwamba miguu yangu inachoka kwa uzito na mafuta, si uvivu, msimamizi hakuifungua hata.

Lakini siku ile ya majibu ya sukari, pacha alikaa kwenye benchi la korido ya hospitali. "Dada, nitakufa?"

Maneno yote aliyowahi kunirushia yalinijaa mdomoni. Nikayameza. Nikamshika mkono, na mimi mwenyewe naogopa.

Ndugu msomaji, usimpime mtu kwa macho. Na wewe unayejiona uko fiti, nenda kapime.