Marehemu Amechukua Oda Jumatano

"Nishasema na narudia, Mwalimu: maiti haipimi mlango!"

Fundi Cheche alikuwa kapandisha miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. Jina hilo mtaa ulimpa dada huyu kwa sababu mbili: anachomelea milango ya chuma, na ukimgusa pabaya anawaka. Mbele yake kasimama mwalimu mstaafu, kashika karatasi ya oda kama mtu aliyeshika cheti.

"Habari za maiti sizijui, mwanangu. Najua mtu wako alikuja Jumatano."

"Shemeji yangu tulimzika Jumapili!"

"Basi soma mwenyewe."

Akasoma. Jumatano. Upana, urefu, bawaba tatu, mlango ufungukie ndani. Chini kuna mhuri wa karakana, umekandamizwa upande mmoja, vilevile alivyokuwa akiukandamiza shemeji. Karakana ilikuwa na joto la kuchemsha maji, lakini baridi ikamwingia Cheche mgongoni.

Miaka sita hakuwahi kutoka kutafuta mteja. Atoke wapi, na ulimi ule? Shemeji, mume wa mdogo wake, ndiye aliyekuwa anazunguka kuongea na watu, mpaka wakambatiza Mdomo. Cheche alimpa ovaroli yenye jina la karakana mgongoni, tepu ya kupimia na mhuri, akamwambia, "Utakachokubali huko, nimekubali mimi." Namba ya Mdomo ikapakwa ukutani kwa rangi nyekundu. Mdomo akiahidi bawaba tatu, Cheche anaweka tatu, hata kama yeye angeweka mbili. Atafoka, lakini ataweka.

Halafu kifua kikambana Mdomo siku mbili tu, akaondoka.

Baada ya msiba, Cheche kila akishika ndoo ya rangi afute ile namba, anairudisha chini. Mhuri hakuudai. Utamwendea vipi mjane umwambie lete mhuri? Wateja nao hakuwaambia kitu. Akajiinamia kwenye chuma chake, akadhani mambo yatajimaliza yenyewe.

"Mwalimu, umetapeliwa," alisema. "Mimi simo."

"Humo?" Mzee akanyoosha kidole ukutani. "Ile namba niliyopiga ni ukuta wa nani? Ovaroli ya nani? Mhuri wa nani? Wewe ndiye uliyetuonyesha mtu ukasema huyu ndiye mdomo wangu. Leo mdomo umekufa, wewe unajua. Mimi nani kaniambia?"

"Kazi yake iliisha alipokata roho!"

"Iliisha kwako. Kwangu itaisha siku nitakayopata habari. Na mlango wa zamani nimeshaung'oa kwa neno lake, kwamba mpya unakuja leo. Mama watoto hawezi kuinuka kitandani. Saa hizi kalala peke yake, na mlangoni nimetundika shuka."

Shuka. Cheche akanywea.

"Huyo mtu... ana sura gani?"

"Kofia ilimfunika mpaka machoni, na macho yangu unayajua. Sauti imekwaruza, hasemi sana. 'Haya.' 'Shika hapa.' Ila kupima anajua."

Cheche akatoa simu, akabonyeza namba aliyoijua kwa moyo. Ikaita. Ikapokelewa. Kimya. Halafu akasikia: krrrr, tak! Tepu ya chuma inavutwa, inaachiwa irudi. Mdomo ndivyo alivyokuwa akiongea na simu, krrrr, tak, mpaka Cheche anamfokea, "Utajikata kidole, shemeji!"

Simu ikamponyoka, ikaangukia vumbi la chuma.

Hakuaga. Alivuka mitaa mitatu mbio mbio mpaka kwa mdogo wake. Uani, kwenye kamba, ovaroli ilikuwa inachuruzika maji, mikono imening'inia, mgongo umemgeukia.

"Shemeji?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia.

"Ni mimi, dada." Mdogo wake kasimama mlangoni na tepu mkononi. Sauti imekauka kwa kulia.

"Wee! Una akili kweli? Unataka unizike na mimi?"

"Simu ilikuwa inaita. Wanauliza, 'Mdomo yupo?' Dada, nikashindwa kusema hayupo. Nikasema haya, nakuja. Si mimi nilikuwa namshikia ncha ya pili ya tepu? Nikivaa ile nguo, kwa saa moja bado yuko kazini."

Cheche alikuja na matusi tele mdomoni. Akayameza, akauliza:

"Umekwenda kwa wangapi?"

"Kwa Mwalimu tu. Wengine wawili nimewaambia wiki ijayo."

Cheche akaketi kizingitini. Angeweza kusema sikukutuma, na mzee abaki na shuka lake.

"Oda ya Mwalimu nimeikubali, kama niliyekutuma mwenyewe. Hao wawili tunawapigia sasa hivi, tunawaambia amekufa. Ukitaka kupima tena, nitakutuma mimi, na utapima kwa jina lako."

"Nitashindwa kulitamka hilo neno."

"Nitalitamka mimi. Wewe shika ncha ya pili."

Wakapiga. Siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, mlango wa Mwalimu ulisimama, bawaba tatu, unafungukia ndani. Kesho yake Cheche akafuta namba ukutani, rangi nyeupe mara mbili. Haikusaidia sana. Mpaka leo jua likipiga ukuta, wekundu unachungulia. Na tepu ikifanya tak, dada na mdogo wake wote wanageuka kutazama mlangoni.

Sasa wewe unayesoma. Una mtu anayezunguka kwa watu kwa jina lako? Kaacha kazi, umemfukuza, amekufa? Usinitazame hivyo. Inuka, kachukue mhuri, futa namba yake, wapigie wateja mmoja mmoja uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe. Leo. Inuka basi!