Karavani Iliyonunuliwa kwa Tiketi

Nafula alinunua karavani mbovu mwaka wa 2010, akiwa mpishi katika nyumba moja ya Al Wukair, na kila Mkenya aliyesikia alisema jua la Doha limemwingia kichwani. Mimi nilikuwa msafishaji wa nyumba hiyohiyo. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jiko, kwa hiyo najua lililomwingia, na halikuwa jua.

Chumba chetu hakikuwa na ufunguo. Watoto waliingia kutafuta paka, nyanya yao aliingia kutafuta mtu wa kumkanda miguu, na Um Khalid, mwenye nyumba, aliingia kutafuta kosa. Nafula hata hakushtuka. Kwao Webuye, mumewe alipokufa, mashemeji walihamia nyumbani kwake eti kumsaidia matanga, na matanga hayo hayajaisha hadi leo. Alimwacha binti yake Phoebe kwa dadake, akapanda ndege.

Sasa, matajiri wa kule wana mambo yao. Nyumba ina viyoyozi hadi chooni, lakini Novemba ikifika wanataka kulala jangwani wapigwe na mchanga puani. Nasi twende, maana sufuria haziendi jangwani zenyewe. Sisi wengine tulilala hemani. Nafula alilala kwenye karavani, kile kijumba cha bati chenye magurudumu kinachovutwa na gari, kwa sababu jiko lilikuwa humo. Ilikuwa ya zamani, imetengenezwa Uingereza kabla sisi hatujaanza shule. Ilikuwa na kitanda, sinki, dirisha lenye pazia, na mlango unaofungwa kwa ndani.

"Wairimu," aliniambia siku moja tukichambua mchele, "mle ndani nalala kama mtu."

Nikamsogezea ungo.

Mlango huo ulikuwa upande wa kushoto. Qatar magari hupita kulia, kwa hiyo ukisimama kando ya njia, mlango unafungukia barabarani. Tukirudi kutoka kambini msimu ule, Khalid, kijana mkubwa wa nyumba, alisimamisha gari akaenda kufungua achukue maji. Lori likapita na mlango, na nusu ya ubavu. Hakuna aliyeumia. Karavani ikasukumwa nyuma ya nyumba, ikakaa ukutani hapo, paka wakazalia ndani.

Um Khalid aliposema itupwe, Nafula, ambaye hata chumvi hakuwa anaomba, alisimama mbele yake.

"Mama, niuzie."

"Wewe? Uipeleke wapi?"

"Kenya. Kule magari hupita kushoto. Mlango wake utafungukia majanini."

Um Khalid alicheka mpaka shela ikamteleza kichwani. Kisha akafikiri. Mwaka ule ulikuwa wa likizo ya Nafula, na mkataba ulimpa tiketi ya kwenda nyumbani na kurudi.

"Basi usiende likizo. Tiketi ibaki kwangu, karavani iwe yako. Khalas, tumekubaliana?"

"Khalas, mama."

Nilikuwepo. Philip pia alikuwepo, dereva wa nyumba, mtu wa Busia mwenye mdomo usiopumzika. Um Khalid alipoondoka, akasema, "Dada, hiyo kitu bado iko kwa jina la mzee, babake Khalid. Badilisheni jina kwanza, rangi baadaye. Bila hiyo hakuna kontena litaibeba."

"Philip, wewe ulizaliwa ofisini?" Nafula akamjibu. "Nimelipa, na mmeona. Kwetu hata shamba huuzwa hivyo."

Tuliifanyia kazi kila Ijumaa, familia ikienda kula kwa jamaa zao. Philip alileta mabati mepesi kutoka Industrial Area. Nafula aliyakata kwa mkasi wa bati, akayapiga ribiti, akaziba viungo kwa silikoni. Tuling'oa mbao za sakafu zilizooza. Zilinuka kama beberu mzee. Tulipiga msasa, tukapaka rangi ya krimu. Mapazia mabovu ya sebuleni yakawa foronya za mito ya viti. Philip alitengeneza mlango mpya, huku akituambia sisi ni wazimu.

Kitasa Nafula alikinunua mwenyewe, mtaa wa Al Mansoura, kizito, cha shaba, funguo mbili. Alikifungua na kukifunga pale dukani hadi mwenye duka akachoka.

"Sister, hii ya nyumba. Si ya gari."

"Ndiyo. Ni nyumba."

Phoebe akapiga simu. "Mami, Agosti unakuja?"

"Agosti hapana. Lakini nikija, nakuja na nyumba."

Binti akakata simu. Nafula akaangalia simu kidogo, akarudi kupiga msasa.

Na lile jina? Kila alipomkumbusha, Um Khalid alisema, "Bukra." Ni kesho hiyo, lakini kesho ya huko haina mwaka.

Novemba ikafika. Khalid akaja nyuma ya nyumba na marafiki zake, akaiona.

"Mashallah! Nani ameitengeneza?"

Alifurahi kweli. Wakaingia, wakakalia viti, mmoja akalala kitandani na viatu. Kisha wakalirudisha gari kinyumenyume, wakaifunga karavani nyuma yake ivutwe. Nafula akatoka jikoni na unga mikononi.

"Khalid, hiyo ni yangu."

"Yako, yako," Khalid akamwambia, kama unavyomwambia mtoto. "Si wewe ndiye utalala ndani?"

Nafula akaenda kwa Um Khalid. Nami nikamfuata na fagio, nijifanye nafagia. Um Khalid alikuwa anamenya chungwa. Hakuwa mwanamke mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu inasaidia.

"Nafula, nilidhani unajifurahisha tu Ijumaa. Mzee ameiona, amefurahi, na ni jina lake. Tiketi yako nitakupa ukimaliza msimu. Sasa umepoteza nini?"

Nafula akapangusa unga mikononi.

"Mchele wa kambini," akasema, "niloweke kiasi gani?"

Nilitaka kukasirika kwa niaba yake. Nikangoja hasira ije. Haikuja, nikaendelea kufagia.

Alipika msimu wote ndani ya karavani yake. Mwanzoni alijifungia. Marafiki wa Khalid wakagonga wakitaka chai, watoto wakagonga wakitaka biskuti. Um Khalid akaomba ufunguo wa pili, "kwa dharura tu." Dharura zikawa kila saa. Nafula akaacha kufunga.

Tuliporudi mjini, akakataa mkataba mpya. Siku ya kuondoka, begi likiwa mlangoni, aliazima bisibisi ya Philip, akaenda nyuma ya nyumba. Nafula alikuwa anafungua skrubu ya mwisho Um Khalid alipotokea.

"Unafanya nini?"

"Nachukua kitasa, mama. Hiki nilinunua dukani, mimi mwenyewe."

Um Khalid akatazama tundu lililobaki mlangoni. Akaingia ndani. Nikadhani amekwenda kumwita mzee. Akarudi na ufunguo wa pili, akamtia Nafula mkononi, akaondoka.

Hawakukumbatiana. Nafula hakulia kwenye gari, nami sikulia nilipobaki. Nilitandua kitanda chake nikafua mashuka.

Siku hizi amepanga chumba Bungoma mjini, karibu na posho mill, anaishi na Phoebe, ambaye sasa amemzidi urefu. Nilipompigia, niliuliza habari ya kitasa.

"Nimekifunga. Fundi alilalamika, eti ni kikubwa kwa mlango wa kupanga."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia atoboe tu."