Ukurasa Ninaouruka

Kuna ukurasa mmoja katika kitabu changu cha Kiingereza ambao huwa nauruka. Ninafundisha madereva na watunza ghala hapa Kolwezi, watu wazima wanaokuja jioni na vumbi la barabara kwenye viatu. Tunaanza na salamu, tunapita vyombo vya nyumbani, tunahesabu hadi ishirini, halafu nawaambia wafungue mbele zaidi. Wiki iliyopita dereva mmoja mwenye mvi aliinua mkono. "Madame, mbona huu tunauruka? Iko na picha ya mupira na meza." Nilimjibu kwamba tutaurudia. Nilimdanganya, na wewe unayenisikiliza nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Musonoi, karibu na mashimo ya madini kiasi kwamba baruti zikilipuka vikombe vya bibi vilicheza kabatini. Mwalimu wetu wa Kiingereza hakuwa wa shule. Alikulia upande wa Zambia, akarudi na masanduku mawili ya vitabu, na kila alasiri alitufundisha kwenye baraza ya nyumba aliyopanga. Ubao wake ulikuwa kipande cha mbao alichokipaka unga mweusi wa betri zilizokufa. Nyuma ya ukuta, jirani alikaanga mandazi, na harufu ile ilitutesa mpaka saa ya kutoka. Hadi leo nikinusa mafuta ya moto, maneno kama cup, spoon na door hunijia yenyewe kichwani.

Aliyenipeleka pale ni kaka yangu mkubwa. Sisi wakubwa wetu tunawaita yaya, na huyu alikuwa yaya wangu wa pekee. Alichimba madini na vijana wenzake, akirudi mwekundu wa udongo kuanzia nywele hadi kucha. Nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya bukari, ugali wetu wa jioni, yeye alichukua kitu kimoja kimoja jikoni na kukiinua juu, nami nikataja jina lake kwa Kiingereza. Aliyarudia vibaya makusudi ili nicheke. Mwalimu alipotangaza kwamba Jumamosi watoto watatu watasimama mbele ya wazazi na kusema Kiingereza, na mimi nikawa mmoja wao, yaya aliniambia: "Samedi ntakuya na chemise yangu ya mweupe. Weye utasema, mi ntasikiliza tu."

Ila kulikuwa na simboli. Waliosoma kwa Kifaransa huku kwetu wanaijua: kipande cha ubao chenye kamba, unavishwa shingoni ukikamatwa unaongea lugha ya nyumbani. Mwalimu wetu aliihamishia kwenye Kiingereza chake. Ukishaivaa, huivui mpaka umnase mwenzako akisema Kiswahili. Ukiteleza tena ukiwa nayo, unafukuzwa. Na ambaye Ijumaa ingemkuta nayo hadi mwisho wa somo, Jumamosi hasimami.

Mimi nilikamatwa Jumatatu, kwa neno moja tu la kuomba chaki.

Wiki ile sikulala vizuri. Wenzangu walijua ninawawinda, wakafunga midomo kabisa, na darasa la kufundisha kuongea likawa darasa la mabubu. Nilimkanyaga mmoja mguu nikitegemea ataita mama yake. Akaniangalia kwa macho yaliyojaa machozi na kuniambia "Thank you." Nyumbani sikumwambia yaya kitu. Alhamisi alifua mwenyewe lile shati jeupe la Jumamosi na kulianika, nami nikaliangalia likichuruzika maji.

Ijumaa mwalimu alifundisha in, on na under, maneno ya ukurasa ule ninaouruka, kwa kalamu, boksi la chaki na meza. Tuliimba nyuma yake: the pen is on the table, the pen is under the table. Kisha akaenda kisimani kulowesha kitambaa cha ubao. Somo lilikuwa linakaribia kwisha, na mimi bado nina ubao shingoni.

Ndipo rafiki yangu, binti wa jirani yetu na mwanafunzi mwenzangu, akaingia barazani mbio. Siku hiyo hakuwa amekuja kusoma. Alikuwa amempelekea baba yake chakula shimoni, na baba yake alichimba pamoja na yaya. Alikuwa akihema, akanishika mkono. "Kuya mbio, yaya yako..."

Sikumngoja amalize. Nilivua ile kamba na kumvisha. Nilifurahi, nisikufiche, nilifurahi mpaka nikapiga makofi, na darasa zima likapiga nami.

Yeye alisimama akiushika ule ubao kwa mikono miwili. Alikuwa mtoto wa nyumba kali, wa kutii kuliko sisi sote, na alijua akisema Kiswahili tena anafukuzwa. Akajaribu. "Your brother," akasema. Akameza mate. "Your brother is under." Wenzangu wakacheka na kumsaidia kwa sauti moja: under the table, under the chair! Yeye akatikisa kichwa, akaanza upya, your brother is under, akakwama palepale. Mimi nilicheka pamoja nao. Sijui zilikuwa dakika tatu au kumi.

Mwalimu alirudi na kitambaa kikidondosha maji. Hatukuwahi kusikia neno la Kiswahili kinywani mwake pale barazani. Alimtazama yule mtoto usoni, akachuchumaa mbele yake. "Sema na Kiswahili, mama. Sema tu."

"Udongo ilimwangukia yaya yake," akasema. "Iko chini, iko nasema. Iko namwita."

Tulikimbia watatu, mwalimu, mimi na rafiki yangu, ubao ukimgonga kifuani njia nzima. Tulipofika wanaume walikuwa wakichimba kwa majembe na kwa mikono. Baba yake alisema yaya alikuwa akiongea kutoka chini, akiniita kwa jina langu la utoto, na kwamba amenyamaza sasa hivi. Sasa hivi, alisema. Walimtoa jua likiwa bado juu, naye ameshakata roho.

Kwenye kilio rafiki yangu alikuja na simboli bado shingoni. Watu wote pale walikuwa wanaongea Kiswahili, angeweza kumvisha yeyote, na hakumvisha mtu. Bibi ndiye aliyemvua, akaitupa kwenye makaa ya mbabula, jiko letu la bati, chini ya sufuria ya bukari. Baraza ile haikufunguliwa tena kwa masomo. Mwalimu alirudi Zambia, na shati jeupe tulimzika nalo yaya.

Mwaka jana nilikwenda Musonoi kuitafuta ile nyumba. Hakuna nyumba, wala kiwanja. Shimo limesogea na kuimeza mitaa, na pale tulipoimbia pembeni mwa harufu ya mandazi ni hewa tupu, na chini kabisa malori yanapita. Nilisimama nikakosa hata mahali pa kunyooshea kidole.

Rafiki yangu anauza makala, mkaa wa kupikia, huko Mutshatsha sasa. Tumeonana mara nyingi miaka yote hii, misibani na harusini, na habari ile hatukuigusa. Juzi, baada ya swali la yule dereva, nilipanda gari nikamfuata sokoni. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama kati ya magunia yake, nikilia mbele za watu. Aliendelea kujaza makala kwenye ndoo ya mteja, kisha akanyoosha mgongo.

"Ile siku nilikuwa natafuta jina ya udongo," akasema. "Mwalimu alikuwa hayatufundisha bado. Banaiita namna gani na Kiingereza?"

Nilimwambia, soil.

Akalirudia mara mbili, polepole, kama tulivyorudia barazani, akafunga gunia.