Koti Lililoingia Kwenye Mnyororo

Niliacha kupanda basi kwa sababu miguu yangu ilikataa kutulia. Kutoka kwetu Peckham, huku ughaibuni, hadi nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi ni vituo vichache tu, lakini kila asubuhi basi lilikuwa likikwama kwenye foleni na mimi ndani yake, goti likinichezacheza, macho kwenye saa, macho mlangoni. Siku moja nilishuka katikati ya safari nikaenda mbio hadi kazini. Jumamosi yake nikanunua baiskeli kuukuu kwa jirani wa ghorofa ya chini. Kwa baiskeli ni dakika kumi na mbili.

Mume wangu hakufurahi. Majira ya baridi yaliyotangulia nililazwa kwa nimonia, na yeye ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda akisikiliza ninavyopumua. Nilipotoka hospitali alikuwa ameshaninunulia koti refu jeusi lililojazwa manyoya ya bata, linavuka magoti. Alilichagua peke yake.

"Ukitaka kuendesha, endesha," alisema. "Lakini koti huvui."

Sikulivua. Ndani yake nikavaa sweta mbili, taitsi chini ya suruali, na mtandio wa sufu shingoni. Dakika tatu za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Ya nne jasho likaanza. Nilifika kazini fulana imeganda mgongoni, na nilipovua koti baridi ikalikuta lile jasho, nikaanza zamu natetemeka. Kesho yake nikapunguza sweta, vidole vikafa ganzi. Nikatafuta glavu nene, nikashindwa kukamata breki. Ikawa kila asubuhi natoka, narudi, navaa, navua. Hata mezani, kijiko mkononi, nilikuwa nawaza kesho nivae nini. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kama nakwenda kazini au mwezini.

Kisha ikaja Jumanne moja ya manyunyu. Taa ya mataani ilipogeuka kijani nilikanyaga pedali, nikahisi kama mtu amenivuta kwa nyuma. Pindo la koti lilikuwa limeingia kwenye mnyororo. Nikaanguka ubavu, baiskeli juu yangu, na basi lililokuwa nyuma likafunga breki. Nilijaribu kuinuka nikashindwa. Koti lilikuwa limenifunga kwenye gurudumu. Mama mmoja aliyekuwa akifungua duka lake la vyakula akaja na kisu cha kukatia viazi vikuu. Alikata pindo bila kuuliza. Manyoya yakatapakaa, yakanata kwenye lami iliyolowa. Alinisaidia kusimama, akanifuta shavu kwa upande wa aproni yake.

Niliikokota baiskeli hadi kazini. Koti nikalificha kwenye kabati langu ndani ya mfuko mweusi, na nyumbani nikasema nimeliacha kazini likauke. Siku tatu niliendesha na jaketi jepesi la mvua juu ya sweta moja. Nilitoka mlangoni nikisikia baridi, nikafika nina joto la kiasi, mkavu. Mwili ulipata nafuu, roho haikupata. Kila mume wangu alipofungua mdomo nilidhani ataniuliza.

Siku ya nne aliuliza. Nikaenda kulichukua, nikampa mfuko.

Alitia mkono kwenye ule mpasuko, akautoa vidole vina grisi ya mnyororo.

"Ulianguka wapi?"

"Mataani."

"Kulikuwa na gari nyuma?"

"Basi."

Akakaa chini. "Mimi nilitaka usiumwe tena, basi."

"Najua. Lakini ndani ya hili koti nachemka, halafu napoa. Nikiumwa nitaumwa kwa njia hiyo."

Asubuhi iliyofuata aliazima baiskeli ya jirani mwingine akanifuata, jaketi lake nene limefungwa zipu hadi kidevuni. Hatujafika hata nusu ya njia akaanza kuifungua zipu. Kwenye geti la kazini kichwa chake kilikuwa kinafuka mvuke.

"Nimeona," alisema.

Jumamosi tulikwenda dukani pamoja. Nilichukua fulana nyembamba ya sufu, jaketi la kukinga upepo linaloishia kiunoni, na glavu zinazoniruhusu kukunja vidole. Jaketi nililitaka jeusi. Yeye akataka la manjano, madereva walione, akasimama nalo mkononi katikati ya duka mpaka nikakubali.

Sikuumwa mwaka ule. Lakini sharti alilonipa ni kwamba nikifika nimtumie ujumbe kabla hata sijafunga baiskeli. Siku moja nilisahau. Nilikuwa namlisha mzee mmoja uji meneja aliponijia na simu ya ofisi, akasema mume wangu yuko hewani tangu dakika tano zilizopita na hataki kukata.