Shahidi Wangu wa Jumamosi

Nilitengwa na kanisa kwa sababu nililewa msibani nikaangukia mashada ya maua, kaburi bado bichi. Sikumbuki. Niliambiwa na binti yangu, ambaye hakulia wakati ananiambia, na hilo liliniuma kuliko kutengwa kwenyewe. Aliyenishika mkono kunitoa makaburini ni mzee wa kanisa wa mtaa wetu, huku chini ya barabara ya Momela, na ndiye aliyesimama kwenye baraza la wazee akasema mama huyu ni aibu, atengwe. Tangu hapo nikawa wa benchi la nyuma, natazama wenzangu wakienda kupokea chakula cha Bwana. Mwaka uliofuata binti yangu alikuwa apate kipaimara, na mama aliyetengwa hapigi magoti na mwanawe. Hicho tu ndicho kilichonifanya niache pombe. Msinipambe kwa sababu nyingine.

Muuguzi aliyenishona kichwa nilipoanguka mferejini ndiye aliyenielekeza kwenye vikundi vya watu wanaoacha pombe. Alinitajia viwili, kimoja jirani na kwetu, kingine Moshono. Nikachagua Moshono, mwendo wa kupanda magari mawili, mtu asinione. Nilijiona mjanja kweli. Jumamosi saa tisa naingia kwenye darasa la chekechea walilokuwa wanaazimwa, watu wazima wamekalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, na wa tatu kutoka mlangoni ni yule yule mzee wa kanisa. Kumbe na yeye alikuwa amechagua mbali.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Zamu yake ilipofika alisema alikunywa tangu ujana, hata siku za ibada, akificha kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kwamba sasa ana mwaka na miezi miwili hajagusa. Nikakumbuka peremende alizokuwa akimumunya kanisani miaka yote ile. Nyumbani alikuwa anaaga kwamba anakwenda kuangalia kiwanja chake cha Moshono.

Tulipotoka alinivuta pembeni. "Ya humu yanabaki humu, mwanangu."

"Yatabaki, mzee. Ila na wewe utanisemea kwa wazee wenzako, nirudi kundini kabla ya kipaimara."

Akaahidi.

Miezi saba tulikaa kiti kwa kiti. Sitadanganya, nilimpenda yule mzee. Wiki ya kwanza nilitetemeka mpaka chai ikamwagika, akanishikia kikombe nikanywa mbele ya watu. Kila Jumamosi aliniletea tangawizi ya kutafuna kiu ikinibana, keshaimenya, keshaifunga kwenye karatasi. Siku moja nilimuuliza nitafanyaje na divai ya mezani kwa Bwana. Akaniambia mkate unatosha. Kikombe kikifika, kiguse kwa midomo iliyofungwa, Mungu anaelewa.

Wiki tatu kabla ya kipaimara niliitwa barazani. Mchungaji akauliza, "Nani anaweza kushuhudia kwamba mama huyu ameacha kweli?"

Nikamtazama mzee. Akatazama viatu vyake. Nilimwelewa: akisema anajua, wangemuuliza anajuaje. Nilimwelewa vizuri kabisa, kwa hiyo sina pa kujitetea. Mwenzake mmoja akasema basi tusubiri mwaka mwingine, na mchungaji akaanza kuandika.

"Muulizeni huyo," nikasema. "Kila Jumamosi tunakaa naye Moshono kwenye kikundi cha walevi. Au awaambie zile peremende ni za nini."

Ya Moshono ilikuwa inatosha. Ya peremende niliiongeza kwa sababu nilitaka acheke mtu, na wawili walicheka. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati taratibu, akairudisha usoni.

"Ni kweli," akasema. "Ameacha. Mimi ni shahidi wake."

Nikarudishwa kundini siku hiyo hiyo. Yeye walimhoji mpaka akaeleza na ya chupa ya kikohozi; wakamvua uzee wa kanisa, na kwa unafiki huo wakamtenga. Siku ya kipaimara nilipiga magoti ubavuni kwa binti yangu, amevaa gauni jeupe, kiwiko chake kinanigusa. Nikala mkate. Kikombe kilipofika nilikigusa kwa midomo iliyofungwa, kama nilivyofundishwa. Nilipogeuka kurudi, nilimwona mzee amekaa pale pale nilipokuwa nakaa mimi, benchi la nyuma, peke yake. Ilikuwa mara yake ya mwisho kuja kanisani.

Moshono pia hakurudi. Baadaye mkewe alinikuta shambani nikichuma kahawa. Hakunisalimia.

"Kile kiwanja cha Moshono kilikuwepo?" akauliza.

"Hakikuwepo, mama."

"Sasa hivi anakunywa tangu asubuhi. Hafichi tena, maana afiche nini?" Akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Mimi bado naenda. Mwezi uliopita tuliambiwa kila mtu aseme jambo baya kuliko yote aliyowahi kufanya akiwa amelewa. Nikasimulia ya makaburini, na mama mmoja akanishika bega kunifariji. Sikumwambia kwamba baya langu kuliko yote nililifanya nikiwa na miezi saba sijagusa hata tone.